Mistari ya Hina Kifuani mwa Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Niliambiwa nikae kwenye kigoda kando ya meza ya picha za mionzi na nitazame mikono ya Mzee Bonifasi. Nilidhani natakiwa kutazama anavyofanya kazi, nikatazama kwa bidii. Kumbe alitaka niitazame mikono yenyewe. Alipomaliza kumpiga picha mgonjwa wa mwisho wa asubuhi, alikuja mbele yangu, akanyoosha viganja, kisha akavigeuza. Ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, haina unywele hata mmoja. Kucha zilikuwa na mifereji. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliishia kwenye kifundo cha kwanza.

"Walikikata?" nikauliza.

"Kiliondoka polepole," akasema. "Mwanzo kilikuwa kinawasha tu."

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye chumba cha picha, hasa ninyi wawili mlioanza mwaka huu na mnaosahau beji zenu za kupimia mionzi ndani ya mikoba. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, maana ni huohuo mnaoulalamikia.

Mzee Bonifasi alianza kazi zama ambazo fundi alijua mashine imewaka kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele yake na kutazama mifupa yake kwenye kioo. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka mingi, na hakuna asubuhi hata moja aliyosikia maumivu. Moto ukikuunguza unavuta mkono. Mionzi haina joto, haina harufu, haina sauti, kwa hiyo mkono unabaki palepale. Yeye ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza, kila mara, hata kama mgonjwa ni mtoto anayelia na moyo unataka kumshika. Alinifundisha pia kuitundika aproni ya risasi inayozuia mionzi, nisiikunje kamwe, kwa sababu ikikunjwa inapasuka ndani na nje haionyeshi. Ninyi mnaikunja. Nimewaona.

Siku hizi picha inaruka moja kwa moja kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na chumba cha giza, taa moja nyekundu, na beseni tatu za dawa. Unaitumbukiza filamu ikiwa tupu, unaitikisa taratibu, halafu mbavu za mtu zinaanza kukujia kutoka chini ya maji. Mzee Bonifasi alikuwa na desturi ya kuzisalimia. "Kaze," aliziambia kwa Kirundi, yaani karibu. Nilimwona ana kichaa kidogo. Mwaka wa pili nilijisikia mwenyewe nasema "kaze" gizani, peke yangu, na nywele zikanisimama, maana nilijiuliza ni nani hasa ninayemkaribisha. Mgonjwa alikuwa amekaa nje kwenye benchi anakula andazi. Hapa mbele yangu kulikuwa na kitu chake ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukiona, na kwa dakika tano nilikuwa ninajua habari zake kuliko yeye.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, waliniita Mama Radio, maana picha ya mionzi kwetu huitwa radio. Watoto wa jirani waliniomba niwasalimie hewani. Mwezi wa kwanza mama yangu mzazi alifua nguo zangu mbali na za wengine, na shemeji yangu, mwenye gereji, hakutaka nimshikie mwanawe. Nilichoka kuwaeleza kwamba mionzi ya picha haigandi kwenye nguo, kwamba ukizima mashine imekwisha kama mwanga wa taa. Walinikubalia kwa vichwa, halafu wakanipa sahani yangu peke yangu.

Baada ya miaka mingi ya mbavu na miguu iliyovunjika, nilipelekwa nchi jirani kujifunza mionzi ya kutibu. Hapa kwetu mashine hiyo haikuwapo. Wagonjwa wa saratani waliopata nafasi walivuka mpaka, wakatibiwa majuma matano au sita, wakarudi. Kazi yangu mpya ikawa kuwasindikiza kwa basi, kukaa nao siku za mwanzo, kusaidia mezani kwa sababu mafundi wa kule walikuwa wachache, kisha kuwafuatilia wakirudi Bujumbura. Kwa wanawake wa Kiislamu hospitali iliona bora niwe mimi, na mimi niliona hivyohivyo.

Sijawahi kukizoea chumba cha mashine ile. Kuta zake ni nene kuliko za ngome, na mlango unajifunga wenyewe, polepole, kwa mlio mdogo. Unamlaza mgonjwa, unapanga taa ya mashine ifuate mistari iliyochorwa kwenye ngozi yake, unamwambia asitikisike, halafu mnatoka wote. Anabaki peke yake na mashine inayomzunguka. Unamwona kwenye kioo cha kamera, mdogo, miguu imefunikwa shuka.

"Mumeshaanza?" wanauliza kwenye kipaza sauti.

"Tumemaliza, mama. Amka taratibu."

Wapo wanaofumba macho na kuona mwanga wa buluu. Wapo wanaosikia harufu ya dawa ya kufulia, ndani ya chumba ambacho hakina harufu yoyote. Wa kwanza aliponieleza nilicheka. Wa pili hakuwahi kukutana na wa kwanza, naye akataja buluu ileile. Daktari aliniambia hilo linajulikana, akaendelea kunywa chai yake, lakini mimi chai yangu ilinishinda.

Nawaambia haya ili msije mkadhani nilikuwa adui wa ile mashine. Nilimsindikiza mama mmoja wa Uvira, muuza vitenge, aliyekuwa akitoka damu tangu msimu wa mvua, akakaa juu ya mfuko wa plastiki ndani ya basi kwa aibu ya kuchafua kiti. Baada ya siku chache mezani damu ilikauka. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akasema, "Mi nilikuwa nimeshaaga watoto." Nimemwona mzee aliyekuwa hawezi kulala kwa maumivu ya mfupa wa nyonga akikoroma kwenye basi la kurudi hadi abiria wakalalamika. Kitu ni kilekile kilichomaliza kidole cha Bonifasi. Kinachotofautisha ni kiasi, siku, na mahali. Kiasi na siku mashine inazihesabu yenyewe. Mahali panashikwa na mistari kwenye ngozi ya binadamu anayetoka jasho, anayeoga, anayesali.

Hadija alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja nilipopewa dosye yake, yaani faili lake la matibabu. Mzaliwa wa Buyenzi, ameolewa Gasenyi, pembezoni mwa mji, mama wa watoto wanne. Alikuwa ameficha uvimbe karibu mwaka mzima, na mficha maradhi kifo humuumbua, ila yeye kiliishia kumchungulia. Titi la kushoto lilikatwa. Daktari wa kule akaagiza mionzi siku ishirini na tano kwenye ukuta wa kifua, ili kuua mabaki.

Kule walikuwa na njia nzuri ya kuhifadhi mahali. Walichoma nukta tatu ndogo za wino chini ya ngozi, ambazo hazitoki milele. Hadija alipoelewa, alikaa kitako mezani na kujifunika.

"Iyo ni chale, dada Salma. Nikikufa wataniosha nayo. Mi apana."

Fundi wa kule alinitazama nimshawishi. Sikumshawishi. Mimi mwenyewe nimelelewa kujua kwamba kujichora mwili kwa sindano ni haramu, na sikuona sababu ya kumtia mtu hofu ya kaburi akiwa tayari na hofu ya maradhi. Nikasema achorwe kwa kalamu tu, tutakuwa tunapitishia wino kila mara. Wakakubali. Mistari minne ikachorwa, ya zambarau. Mmoja kati yake, ule wa upande wa katikati ya kifua, ulikuwa umeegemea kama ukuta mbovu. Hakuna aliyekosea. Kovu lake lilipanda kuelekea kwapani na kifua cha binadamu si ubao, kwa hiyo mstari ulilazwa makusudi ili mionzi ipite kandokando ya moyo bila kuugusa sana, na ncha ya kovu isiachwe nje.

Siku kumi na mbili zilipita vizuri. Siku ya kumi na tatu mashine ikafa. Kipuri kiliagizwa mbali, wagonjwa wakaambiwa warudi makwao wangoje. Kukatiza matibabu katikati si jambo jema hata kidogo, mabaki yanapata nafasi ya kupumua, lakini hatukuwa na la kufanya. Kila mgonjwa nilimpa kalamu moja na nikaahidi kupita nyumbani kila siku ya tatu kuangalia mistari na kuipitishia wino kwa kipimo.

Mnajua jinsi mafuta yalivyokuwa yameadimika mjini. Gari la hospitali lilikaa kwenye foleni ya kituo hadi dereva akaanza kuoga palepale. Wagonjwa wa karibu niliwafikia kwa miguu. Gasenyi iko mbali, goti langu lilikuwa linauma, na jua lile mnalijua. Lakini nisijitetee sana. Wanawake wanatembea kutoka huko kila siku na ndoo za nyanya kichwani. Ningeweza kwenda. Sikwenda. Nikapiga simu.

Aliyepokea ni Mwajuma, mdogo wake Hadija, aliyekuwa amehamia kwa dada yake kumuuguza. Buyenzi nzima inamjua. Kwa miaka mingi hakuna bibi harusi wa kwetu aliyetoka nje bila mikono na miguu yake kupita kwenye hina ya Mwajuma. Simu ilikuwa inakatikakatika.

"Dada Salma, ile mistari iko inafutika. Anatawaza mara tano, jasho nayo, na ile kalamu imekauka. Tufanye je?"

"Isifutike hata kidogo. Mistari hiyo ndiyo roho ya dada yako. Pitisha juu yake."

"Na nini, dada? Kalamu iko imekufa."

"Tumia chochote kisichotoka na maji," nikasema, na simu ikakatika.

Nilikumbuka neno hilo usiku uleule na nikataka kupiga tena. Halafu nikajiambia, watatumia kalamu ya shule.

Mashine ilipopona, wagonjwa walirudishwa kwa basi wiki hiyohiyo. Mimi nilibaki nyuma kutayarisha kundi lingine na nikafika siku nne baadaye. Niliingia chumbani asubuhi wakati fundi mwenzangu wa kule, mama mmoja mchangamfu, anamlaza Hadija.

"Madame Salma, hongera," akaniambia. "Tangu nianze kazi hii sijaona mistari safi hivi. Umeichora na nini?"

Nikasogea. Taa ya mashine ilikuwa imekaa sawasawa juu ya kifua kile, haikupita wala kupungua hata unywele. Mistari haikuwa ya zambarau tena. Ilikuwa ya kahawia iliyoiva, nyembamba kuliko kalamu yoyote ninayoijua, na kwenye kila kona kulikuwa na jani dogo. Ilikuwa mizuri. Nawaapia, ilikuwa mizuri kiasi kwamba kwa muda nilisahau inatumika kwa kazi gani. Halafu baridi ikaniingia mgongoni, na sikujua kwa nini, kama unavyoingia chumbani mwako ukahisi kuna mtu aliyepita humo. Nikatazama tena mmoja mmoja. Mstari wa katikati haukuwa umeegemea. Ulisimama wima kabisa.

Nilitoa futi yangu ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, nikaomba dosye. Nikapima kutoka kwenye kishimo cha koo. Juu palikuwa sawa. Nikapima chini. Nikapima mara ya pili, nikapima mara ya tatu, na kila mara futi ilinipa jibu lilelile. Ncha ya chini ilikuwa imehama vidole viwili kuelekea moyoni. Na mstari wa upande wa kwapa ulikuwa umeingia ndani kwa kiasi hichohicho, ili mraba ukae sawa.

"Nani ameichora?" nikamwuliza Hadija, ingawa nilijua.

"Mwajuma. Amesema ilikuwa imepinda, ameinyoosha." Alikuwa anatazama dari. "Kuna kitu, dada?"

Mkono wa Mwajuma haukuweza kuacha mstari uliopinda. Umeishi kwa kunyoosha. Angempamba bibi harusi mraba ulioegemea, wakwe wangemdai fedha zao. Alichofanya ni kile anachokifanya fundi yeyote mwenye heshima akipewa kazi ya mtu mwingine iliyokaa vibaya.

"Siku tatu tumefuata hiyo," fundi wa kule akasema, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

Daktari aliitwa. Alipima, akakaa kwenye kompyuta hadi mchana, kisha akanieleza kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko makelele. Ukanda wa karibu na kwapa ulikuwa umekosa mionzi siku tatu, nao ungeongezewa. Lile la upande wa pili halikuwa na dawa. Kile kilichoingia kwenye moyo hakitoki. Huenda kisifanye chochote. Huenda baada ya miaka kumi moyo ukaanza kuchoka, au kumi na tano, na siku hiyo hakuna atakayeweza kusema ni kwa sababu ya siku zile tatu au ni kwa sababu ya umri.

Halafu akaniuliza, kalamu mkononi: "Nani aliwaambia wachore?"

Nikasema, "Familia ilichora yenyewe."

Akaandika. Nilisimama nikatazama neno lile likiandikwa. Familia. Lilikuwa kweli, wino wake haukuwa na uongo wowote, na nililia nalo chooni.

Hina haitoki kwa kusugua, na ngozi ile ilikuwa nyekundu, haikuvumilia kusuguliwa hata kwa kitambaa. Mwajuma alikuwa ameichanganya na limau, kama inavyochanganywa siku zote, juu ya ngozi iliyopigwa mionzi siku kumi na mbili. Hadija alikuwa amevumilia kimya. Tulichora mistari mipya ya zambarau kwa kipimo, ubavuni mwa ile ya kahawia. Ikawa kifua kimoja chenye miraba miwili, mmoja wa uzima, mmoja wa hatari, na ule wa hatari ndio uliokuwa mzuri. Kila asubuhi macho yetu sote yalikwenda kwanza kwenye hina. Tulilazimika kuifunika kwa plasta ndipo taa iwashwe. Zambarau ilififia kila siku, hina ikazidi kuiva, na kuna asubuhi nilipobandua plasta nikahisi ule mraba umenisogelea. Nilipima. Haukuwa umesogea.

Tuliporudi Bujumbura, mume wa Hadija na ndugu zake walishajua. Walikuwa wamemwekea kikao Mwajuma. Alikuja kwangu nusu akikimbia, kanga imemteleza, akanisimamisha mbele ya mlango wangu wakiwapo majirani.

"Dada Salma, waambie. We ulisema kwa simu nitumie kila kitu yenye haitoke na maji. Si ulisema?"

Majirani walikuwa wananitazama. Nilikuwa na miaka thelathini ya kazi nyuma yangu na heshima moja tu mtaani.

"Mimi sikukwambia hina," nikasema. "Wala sikukwambia unyooshe."

Kila neno kweli tena. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, si kwa hasira. Alianza kutilia shaka masikio yake mwenyewe.

"Labda," akasema. "Labda ile simu nilisikia vibaya."

Tangu siku hiyo Mwajuma hakuchora tena. Maharusi walimtumia watu, akasema macho yamechoka. Alianza kuuza mkaa. Nilipita mbele ya meza yake ya mkaa kwa miaka mitatu nikienda kazini, na kila asubuhi alinisalimia kwanza, kwa adabu, jinsi mtu aliyekosa anavyomsalimia aliyekosewa. Wadogo zangu, nimeona mapafu yaliyojaa maji na mafuvu yaliyovunjika, lakini sijaona kitu kilichonitisha kama salamu zile.

Hadija alikuwa akija kwangu kila mwaka kupigwa picha ya kifua. Nilimpiga mwenyewe, sikumwachia mtu. Ngozi pale ilikuwa imebaki nyeusi, mraba wenye kingo zilizonyooka, na hina ilikuwa imekwisha kuondoka zamani. Kila nilipoitazama niliona ukanda mwembamba upande wa kwapa, wa rangi tofauti kidogo. Hakuna mwingine aliyeuona. Daktari wetu alisema ni macho yangu. Kwenye picha nilitazama kivuli cha moyo kabla ya kitu kingine chochote, nikakipima, nikaandika kwenye daftari langu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikipima mara ya mwisho. Hakikuwa kimebadilika. Hadija alikuwa anafunga vifungo nyuma ya pazia, anahema kawaida, na mimi sikuweza kujizuia kuhesabu pumzi zake.

Siku ya pili baada ya kustaafu nilikwenda kwa Mwajuma, baada ya sala ya alasiri. Hadija alikuwapo, amekuja kumtembelea. Walikuwa wamekaa mkekani wanachambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasahau yote.

"Mwajuma," nikasema, "kwenye simu nilisema utumie chochote kisichotoka na maji. Nilisema hivyo. Hukusikia vibaya."

Aliendelea kuchambua. Punje mbili, tatu. Kisha mikono ikasimama.

"Kwa iyo nilisikia," akasema.

"Ulisikia."

"Miaka tatu, dada. Nilikuwa namuuliza Mungu kama mi ni muzima wa kichwa. Mutu anaweza kuota simu? Nilikuwa nashika ile simu, naiangalia, nasema, we kitu, ulisema ao haukusema?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Mume ya Hadija mupaka leo hapokee chai kwa mukono yangu."

Nikasema nisamehe. Nikalisema tena. Halafu Hadija akaweka sinia chini.

"Mi nilijua," akasema.

Tulimgeukia wote wawili.

"Ile siku ya kwanza tumerudi kwa ile machine nilijua haiko penyewe. Ile taa ilikuwa inanigusa hapa," akaweka kidole katikati ya kifua, "na mwanzo ilikuwa inapitia kando. Nilitaka kusema. Nikaangalia chini, nikaona vile Mwajuma amefanya. Majani kila kona." Akashusha kidole. "Tangu wanikate, hakuna mutu aliangalia hapa bila kugeuza uso. Mume yangu, watoto, hata mi. Yeye alikaa hapo masaa mawili, alipatengeneza kama siku nilikuwa bibi harusi. Nikasema, nikisema iko mubaya, watayafuta. Nikanyamaza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu."

Nje fundi mmoja wa gereji alikuwa anajaribu kuwasha injini isiyotaka kuwaka. Mwajuma alikuwa analia bila sauti, mkono wake juu ya goti la dada yake. Nami nilikaa pale nikielewa kwamba Hadija aliununua uzuri ule kwa moyo wake mwenyewe, na kwamba ningekwenda Gasenyi kwa miguu na goti langu bovu asingehitaji kuununua.

Nilipoinuka kuondoka, Mwajuma alinifuata hadi mlangoni.

"Mi sitaki pole yako," akasema. "Ule docteur aliandika familia. Iko kwa dosye mupaka leo?"

"Ipo."

"Basi andika na we. Waandikie wale watoto yako ya kazi, wasome wote. Na utie jina."

Mimi ni Salma binti Rajabu, fundi wa mionzi. Niliahidi kwenda Gasenyi kila siku ya tatu na sikwenda hata mara moja. Nilimwambia Mwajuma kwenye simu atumie chochote kisichotoka na maji. Daktari aliponiuliza nilisema ni familia, na Mwajuma aliponiita shahidi nilimkana mbele ya watu. Nakala ya maneno haya nimeituma kule ng'ambo ya mpaka iwekwe ndani ya dosye, na nyingine nimempelekea mume wa Hadija kwa mkono wangu. Hadija ataendelea kuja kwenu kila mwaka kupigwa picha. Tazameni kivuli cha moyo kwanza, kipimo changu kimo kwenye daftari la kijani nililowaachia. Siku mkikuta kimebadilika, mwambieni palepale, kabla hajafunga vifungo, na akiwauliza nani alikosea, mpeni jina langu.